Springi Fupi za Fiati

Miaka ile Temeke ilikuwa bado na minazi mingi kuliko mapaa ya bati. Mwenye gari alijulikana mtaa mzima, na watu waliweza kukwambia kapita saa ngapi na kaelekea wapi kwa kusikia honi tu. Vijana walivaa suruali za bugaluu zilizofagia vumbi. Wasichana walishona magauni ya tetroni yaliyofunika magoti, maana mafupi yalikuwa yamepigwa marufuku. Na Jumamosi asubuhi soko lilijaa watu hadi wakapita ubavuubavu.

Jumamosi moja ya namna hiyo, Filomena alikuwa ameinama kwenye mafungu ya nyanya aliposikia kelele nyuma yake. Gunia la kijana mmoja lilikuwa limepasuka kitako. Vyuma vilimwagika, na kimoja kati yake, springi nene nyeusi, kilianza kubiringika kwenye mteremko kuja upande wa nyanya, mwenye nyanya naye akiita wazazi wake wote. Filomena alishika pindo la gauni, akaikanyaga ile springi kwa kiatu, ikatulia.

Kijana alifika akihema. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, nywele amezitimua na kuzichana kwa juu, na kichana chenyewe kimechomoza mfukoni.

"Ahsante dada. Umeniokoa na kesi ya nyanya."

Filomena alikuwa ameiokota springi na anaigeuzageuza.

"Hii ya Fiati," alisema. "Lakini mbona fupi?"

Kijana alisahau vyuma vyake vingine pale chini. Alisema ndiyo, ni ya Fiati, na ni fupi kwa makusudi. Yeye ni karani bandarini. Fiati yake aliinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na sasa rafiki yake baharia kamletea seti nzima kutoka Napoli, springi nne na shokapu nne za kutuliza mrusho, ili gari lishuke chini, likae kama yale ya mashindano. Kilichobaki ni kumpata fundi wa kuzifunga.

"Nenda Chang'ombe, kwenye ushirika wa mafundi," alisema Filomena akimrudishia springi. "Ulizia Filomena."

"Huyo Filomena ni mke wa fundi?"

"Huyo Filomena ndiye fundi."

Akarudi kwenye nyanya zake. Lakini alipokuwa anahesabiwa chenji alimsikia yule kijana bado yuko pale pale, anamwuliza mwenye nyanya kama maneno yale ni ya kweli.

Yalikuwa ya kweli. Filomena alizaliwa Ndanda, kule Kusini, binti wa katekista Alfonsi. Alipokwenda kulitumikia taifa kambini Ruvu wenzake walipangiwa bustani na jiko, yeye akapangiwa karakana kwa sababu mkuu wa karakana alihitaji mtu mwenye mikono myembamba ya kufikia bolti zilizojificha. Alipotoka huko hakutaka tena kazi nyingine. Alipanga na shangazi yake Yuliana chumba kimoja Keko, na akaingia uanachama kwenye ushirika wa Chang'ombe, mwanamke peke yake katikati ya wanaume. Mwenyekiti wao, Mzee Kamugisha, alimpokea bila maneno mengi. Fundi mmoja aitwaye Elinaza hakuacha kusema, kila siku, kwamba chini ya gari si mahali pa mwanamke.

Jumatatu iliyofuata, baada ya saa za kazi za bandari, Fiati ya buluu iliingia uwanjani. Kijana alijitambulisha rasmi: Mwishehe, mzaliwa wa Kimbiji, mkazi wa Kinondoni.

Kazi ile ilichukua jioni kadhaa, na ukweli ni kwamba ingeweza kuchukua chache zaidi. Filomena alilipandisha gari kwenye magogo, akatoa magurudumu, akafungua shokapu za zamani zilizokuwa zinavuja mafuta. Kisha akaja kwenye springi. Alimwambia Mwishehe asogee nyuma. Springi iliyobanwa, alimweleza, ina hasira ya mnyama aliyefungwa. Ikichomoka inavunja taya. Aliibana kwa vibano viwili vya chuma, huku na huku, akikaza kidogo upande huu kidogo upande ule, kisha akaushusha polepole kwa jeki mkono wa chuma unaoshika gurudumu mpaka springi ikalegea na kutoka yenyewe. Mwishehe aliangalia yote hayo akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, na alikuwa na maswali kama mtoto wa shule. Filomena aliyajibu yote. Hakuwa amezoea mtu wa kumwuliza. Alizoea watu wa kumwangalia.

Siku ya mwisho, springi fupi zikiwa zimekaa na gari limeshushwa chini, alimwambia apande aketi kwenye kiti cha dereva.

"Tunakwenda wapi?"

"Hatuendi popote. Bolti za mwisho zinakazwa gari likiwa na uzito wake. Kaa hapo, utulie."

Basi Mwishehe akakaa juu, Filomena akalala chini ya gari, sakafu ya bati ikiwa katikati yao. Kwa muda ilisikika spana tu. Kisha sauti ya Mwishehe ikashuka kupitia tundu la pedali.

"Filomena."

"Naam."

"Mie nataka nikuulize kitu, ila nikikuangalia usoni huwa kinanipotea."

"Si huniangalii sasa. Uliza."

Alimwuliza kama Jumapili angekubali kwenda naye kusikiliza muziki wa dansi. Spana ilisimama. Filomena aliyatazama mafuta kwenye viganja vyake, akashukuru kwamba lile bati lipo. Akamjibu kwamba kwanza amalize bolti.

Walikwenda. Filomena alivaa gauni la njano lenye mkanda mpana na viatu vya raizoni vyenye soli nene alivyoazima kwa jirani, na Fiati ilipita barabara ya Kinondoni imeinama, imetulia kwenye kona kama maji kwenye sahani. Watu waligeuka. Gari lilikuwa gumu sasa, kila shimo lilipanda hadi kwenye meno, na wao walicheka kila shimo. Alimwonya jioni ile ile: gari hili sasa ni la lami. Tumbo lake liko chini, na shokapu hizi hazikutengenezwa kwa mchanga wala visiki. Mwishehe alimwapia, kwa mkono kifuani, kwamba ameelewa.

Kisha zikaanza simu. Ushirika ulikuwa na simu moja nyeusi mezani kwa Mzee Kamugisha, na mzee hakupenda itumike kwa mambo yasiyo ya kazi. Hivyo Mwishehe alipopiga kutoka bandarini alikuwa na tatizo la gari daima.

"Inalia," alisema.

"Inalia vipi?" Filomena aliuliza kwa sauti ya kikazi, mgongo kwa mzee.

"Inalia kama mtu aliyekosa kumwona mpenzi wake tangu juzi."

"Upande gani?"

"Kushoto. Karibu na moyo."

"Ilete jioni tuikague."

Mzee Kamugisha aliandika mambo yake na wala hakunyanyua macho. Siku moja tu alisema, kama anayejisemea, kwamba hajapata kuona Fiati yenye maradhi mengi namna ile.

Ilikuwa hivyo miezi kadhaa. Filomena alijua kuna mambo mawili yanayowasubiri mbele: yeye ni binti wa katekista, na Mwishehe ni mtoto wa Kiislamu ambaye mama yake, mjane, alimtegemea yeye kuliko wote. Hawakuyazungumza. Waliyazunguka kama watu wanavyozunguka dimbwi.

Halafu Mwishehe akapotea siku mbili. Hakupiga simu, hakupita Keko. Siku iliyofuata, mchana, Fiati iliingia uwanjani ikivutwa kwa kamba na lori, na nyuma ya lori akashuka Mwishehe, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Filomena alidondosha alichokuwa ameshika na kumkimbilia. Mwishehe alimtazama mara moja, akatazama pembeni.

Habari ilijulikana haraka. Asubuhi, kwenye Barabara ya Kilwa, shokapu ya nyuma ilikuwa imechomoka ikaburuza lami. Gari likamshinda, likaingia mtaroni, na njiani likapindua meza ya muuza machungwa. Muuzaji mwenyewe aliruka salama. Ingekuwa saa ya wanafunzi kutoka shule, watu walisema, tungekuwa tunaongea mengine.

Mafundi walilizunguka gari. Elinaza aliinama, akatazama, akasimama akipangusa mikono.

"Nilisema mie," alisema. "Kazi ya mwanamke hiyo. Bolti haikukazwa."

Mzee Kamugisha alimgeukia Mwishehe. Akamwuliza taratibu, mbele ya wote, kama gari lile lilipitishwa njia mbaya yoyote.

Mwishehe akasema, "Hapana, mzee. Njia za kila siku tu."

Filomena alikuwa amekwisha piga magoti kwenye gurudumu la nyuma. Kishikio cha shokapu kilikuwa kimepinda kwa kugongwa kutoka chini. Na ndani, kila palipokuwa na mfuko na kona, palikuwa na mchanga mweupe, laini, wenye vipande vya makombe. Mchanga wa pwani. Hakuna mchanga wa namna ile kati ya Kinondoni na bandarini.

Aliuchukua kidogo kwa vidole, akausugua. Alikuwa na neno moja tu la kusema na kesi ingekwisha. Lakini kichwa chake kilikuwa kimekwenda kwingine. Siku mbili hakuonekana, ufukweni, na anadanganya. Mtu haendi ufukweni peke yake, akadanganya kuhusu kwenda. Aliona gauni la mtu mwingine kwenye kile kiti cha mbele, akaona na kucheka kwao kwenye mashimo. Aliupukuta ule mchanga mkononi, akainuka, hakusema kitu.

Kikao cha wanaushirika kilikaa kesho yake. Kilisemwa kwa upole, kwamba usalama wa watu ni jambo la kwanza, kwamba ndugu Filomena apumzike kidogo na magari, ashike stoo. Filomena alikabidhiwa funguo za stoo, akawa anatoa mafuta ya grisi na mikanda ya feni kupitia dirisha dogo, na Elinaza kila alipokuja kuchukua kitu alimwita mama mwenye duka. Usiku hakulala. Hakumlilia Mwishehe. Alililia mikono yake, iliyokaa bure. Simu ilipoita na Mzee Kamugisha akamwashiria, alitikisa kichwa. Mwishehe alipokuja Keko, shangazi Yuliana alimwambia mlangoni kwamba mwenyewe hayupo, na mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia anamsikiliza akiondoka.

Siku moja ya mapumziko, jua likiwa limeshapanda, alifika Keko mwanamke mtu mzima wa Pwani, khanga mbili mpya zenye kunukia udi, ndala mkononi kwa kuhofia matope. Alipiga hodi, akauliza kama hapa ndipo anapokaa binti fundi wa magari.

"Shikamoo mama," alisema Filomena.

"Marahaba. Mie Mwanabaraka. Natoka Kimbiji. Nipe maji ya kunywa kwanza, kisha niangalie vizuri, maana na mie nimekuja kukuangalia."

Akaketi mkekani, akanywa maji yote. Kisha akaanza kulalamika, na alilalamika juu ya gari. Gari gani lile, aliuliza, lililolala chini kama kuku anayeatamia? Mwanawe kaja nalo Kimbiji, limekwama mchangani kabla hata hajaliona paa la nyumba. Wanaume wa kijiji kizima wametoka kulibeba, wamelikokota juu ya visiki vya minazi likilia kama mbuzi, na kurudi limekwama tena pale pale, wakalikokota tena. Alimwambia liache hapa, panda lori la nazi. Kakataa, eti kuna mtu anamsubiri mjini.

Filomena alimsogelea mkekani.

"Alikuja na nani, mama?"

"Na nani? Peke yake. Kaja kuniambia anataka kuoa. Nikamwuliza binti wa nani. Kasema wa katekista wa Ndanda, na kazi yake kulala chini ya magari. Nikasema, Mwishehe, wewe unaumwa." Bi Mwanabaraka alijipepea kwa ncha ya khanga. "Siku mbili nzima kanikalia hapo barazani ananisifia mtu nisiyemjua. Nikamwambia funga mdomo, usimwambie yeyote, si ndugu zako, si huyo binti, mpaka mie mwenyewe nije nimwone. Haya. Lete mikono."

Filomena alimpa mikono. Bi Mwanabaraka aliigeuza, akapitisha kidole kwenye sugu na kwenye weusi wa mafuta usiotoka kwa sabuni yoyote. Alikaa nayo muda.

"Ya mama yangu ilikuwa hivi hivi," alisema mwishowe, "kwa kusuka makuti." Hakuongeza neno. Alikula wali wa shangazi Yuliana, akasifu mchuzi, akaenda zake kuwahi pantoni avuke.

Jioni ile Filomena alikwenda Kinondoni kwa miguu yake. Alimkuta Mwishehe anajaribu kufua shati kwa mkono mmoja. Alipomwona aliinuka, povu likimtiririka, akaanza kusema mengi kwa pamoja. Filomena alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Mama yako kanijia," alisema.

Mwishehe akakaa tena chini.

"Kumbe Kimbiji umenisifu siku mbili," alisema Filomena. "Gerejini uliulizwa neno moja, ukadanganya."

"Niliahidi sitasema. Ningesema nilikwenda Kimbiji, wangeniuliza nilifuata nini."

"Ungesema ulifuata samaki."

Kwa sauti ya chini Mwishehe alisema ukweli mwingine, kwamba si ahadi tu. Aliona aibu. Alikuwa ameonywa asipeleke gari mchangani, akalipeleka, na mbele ya wanaume wote wale alishindwa kusema kwamba msichana alimwambia naye hakusikia.

"Mie nilidhani ulikuwa na mwanamke," alisema Filomena. "Niliuona mchanga. Niliuona, nikanyamaza, nikakubali kazi yangu ichukuliwe, kwa sababu kuliko kusema mbele yao kwamba umenidanganya, niliona heri stoo. Unaelewa nilichokulipia?"

Alielewa. Filomena alichukua lile shati kwenye karai, akalisuuza, akalikamua, akalianika, kwa kuwa hakuweza kuliona limeachwa nusu. Kisha akaondoka bila kumpa mkono.

Kikao cha mwisho wa mwezi, Mwishehe aliomba ruhusa ya kusema, ingawa hakuwa mwanachama. Filomena alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Mwishehe alisema mbele ya wote kwamba alilipeleka gari Kimbiji, lilikokotwa juu ya visiki kwenda na kurudi, kwamba fundi alimkataza mapema na yeye akaapa, na kwamba alipoulizwa alisema uongo. Alisema pia alichofuata huko. Hapo watu walicheka, hata Elinaza, na Mwishehe aliwaacha wacheke.

Mzee Kamugisha alitoka na mafundi wawili kukikagua kile kishikio kilichopinda. Waliporudi alinyoosha mkono kwa Filomena ampe funguo za stoo.

"Tuliamua haraka, mwanangu," alisema. "Kuna lori la Bedford pale linakungoja." Elinaza hakuomba radhi, lakini kesho yake alimsogezea jeki bila kuambiwa, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo.

Fiati waliitengeneza pamoja. Mkono wa Mwishehe ulikuwa umetoka plasta, mwembamba na uliopauka kama wa mgonjwa. Alisema zile springi fupi zitolewe, zirudishwe za zamani, hataki tena kuziona. Filomena aliona ni upuuzi. Springi hazina kosa, alimwambia. Waliziacha, akafunga kishikio kipya, na akamfundisha kukagua mwenyewe. Kwenda Kimbiji watapanda pantoni na lori la nazi kama watu wengine. Walipanda siku ya Idd, wamekaa juu ya magunia, khanga imemfunika Filomena kichwa kwa ajili ya vumbi, na ni juu ya magunia yale Mwishehe alipomwuliza waziwazi kama atakubali waende bomani waandikishe ndoa, kila mmoja na dini yake. Sheria mpya iliruhusu.

"Mimi sina neno," alisema Filomena. "Nenda kamwulize baba."

"Ndanda?"

"Ndanda."

Barabara ya Kusini ya miaka ile ilijulikana. Mabasi yalilala kwenye matope ya Rufiji, abiria wakapika njiani. Wengine walishauri asubiri kiangazi. Mwishehe alichukua likizo yake yote, akaenda. Filomena alifanya kazi. Kila basi la Kusini lililopita Chang'ombe limepakwa udongo mwekundu mpaka madirishani alilitazama likipita, kisha akarudi kwenye injini yake. Alimjua baba yake. Katekista Alfonsi aliwahi kumrudisha mtu aliyekuja kuposa kwa sababu alivaa kofia ndani ya nyumba.

Ilikuwa mchana wa joto, naye yuko chini ya lori anafungua shokapu, alipoona miguu imesimama kando. Viatu vilikuwa havina rangi tena, na bugaluu imekatika pindo.

"Kasemaje?" aliuliza kutoka kule chini.

Mwishehe alichuchumaa, lakini hakuinama kumtazama. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa safari.

"Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alikataa tena, akaniombea nifike salama nirudipo. Asubuhi nikaenda kumuaga. Akaniuliza kama nimekula."

Spana ikasimama.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia bado. Akaingia ndani akatoka na uji wa mtama, hauna sukari. Akakaa akaniangalia nikiunywa. Basi, hakusema lingine mpaka basi likaja."

"Akakaa na wewe mpaka basi likaja?"

"Akakaa."

Filomena alilala pale chini ya lori, mafuta yakimdondokea begani naye asiyafute. Baba yake hakupata kumpa uji mtu aliyemkatalia.

"Basi kakubali," alisema, na akamnyooshea mkono. "Nivute nitoke."